Mkanda Uliosubiri Dawa

Fundi hakunywa kahawa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoandika juu yake kwenye daftari langu, wiki ile niliyohamia Bukoba mjini kuripotia gazeti, na niliandika kwa sababu lilinishangaza. Huku kwetu mgeni huwekewa kahawa kabla ya kuulizwa kilichomleta. Kwenye nyumba za wazee huletewa ile ya kutafuna, akamwani, na kuikataa ni kama kuacha mkono wa mtu ukining'inia hewani. Fundi aliikataa kila mahali. Aliweka kiganja chini kidogo ya moyo na kusema, "Tumbo langu na kahawa hawasalimiani." Watu wa Bilele, mtaa wa studio yake, walikuwa wamemzoea. Walimtilia maji ya moto kwenye kikombe cha kahawa, akakishika kama wenzake, na maongezi yakaendelea.

Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja na nusu. Kile kizima kilikuwa na kiti, pazia la kijivu na dirisha kubwa alilolibandika karatasi nyeupe ili jua lisimchome mtu usoni. Ile nusu aliikata kwa mbao, akaziba kila ufa kwa matambara meusi, na humo ndimo alimosafishia picha. Mlangoni alitundika kadi mbili alizozibadilisha kwa zamu. Moja ilisema, "Nimekwenda kuswali. Usigonge." Ya pili ilisema, "Nipo gizani. Usigonge." Mwenye duka la jirani alipenda kuwaambia wateja kwamba Fundi hana kadi ya tatu kwa sababu siku akiwa anapatikana watu hujua kwa kelele.

Kelele zilikuwepo, na nyingi zilihusu kushoto na kulia. Kamera yake ilikuwa lile sanduku la macho mawili, moja juu ya jingine, ambalo mpigaji hulishika tumboni na kuinamia kioo kilicho juu yake. Kwenye kioo hicho mtu huonekana wima, ila pande zake zimebadilishana, kama kwenye kioo cha kunyolea. Fundi alikuwa amekiinamia miaka mingi mno hata akaanza kukiamini kuliko macho yake. Alimwambia mtu asogee kushoto, mtu akasogea kushoto, naye akapiga kelele kwamba hakusema huko.

Nilikuwepo siku alipopanga wanakwaya wa Kilutheri kwenye ngazi za kanisa lao. Mama mmoja wa sauti ya pili alichoka.

"Fundi, hebu tuambie, kushoto kwako ni wapi?"

"Kushoto kwangu ni kwenye kioo. Nyinyi ndio mko kinyume."

"Tukikufuata wewe tutatokea Uganda, waitu!"

Kwaya ikaangua kicheko, na hapo ndipo alipobonyeza. Ile picha ipo mpaka leo ofisini kwa mchungaji, watu thelathini wakicheka na mmoja tu, mwalimu wao, akiwa amekunja uso. "Humu ndani," Fundi aliniambia baadaye akigonga kamera kwa ukucha, "watu wote wa Bukoba ni wa mashoto."

Alikuwa na sheria ya kazi ambayo wateja hawakuipenda: mtu mmoja, pigo moja. Hakurudia. Ukipepesa macho, ndivyo ulivyo. Alisema mara ya kwanza mtu huja na uso wake, na mara ya pili huleta uso anaodhani watu wanautaka. Nilimuuliza mara moja kama hajawahi kujuta. Akanijibu kwamba kujuta ni kazi ya wenye kamera za simu, maana wao wana nafasi ya kufuta.

Simu alizisema vibaya kila siku. Picha ya simu, kwa maneno yake, ni umbea: inaenda kwa kila mtu na haikai kwa yeyote. Lakini kila alfajiri, baada ya swala, mimi na watu wengine wengi wa mji huu tulipokea kwenye simu zetu ua jekundu linalometameta, lenye maandishi ya dhahabu ya kututakia siku njema, na aliyelituma alikuwa Fundi. Nilipomkumbusha hilo alisema ua si mtu.

Jambo lililompa heshima lilihusu redio. Kwenye redio za mkoa wetu matangazo ya vifo husomwa kila siku, jina la marehemu, la mume au mke, watoto, mahali pa maziko, na nyumba nyingi hunyamaza yakisomwa. Fundi aliyasikiliza kwa kazi. Picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua hakuzitupa. Alizipanga kwenye maboksi ya viatu kwa vijiji. Akisikia jina analolifahamu, alishusha boksi, akachambua, akatia picha kwenye bahasha, na kesho yake utamkuta msibani Kagondo, au Muleba kabisa, akimkabidhi mfiwa mkononi bila hotuba. Nimeona mjane akiipokea bahasha hiyo na kuikalia, akaogopa kuifungua mpaka jioni. Watu walimheshimu kwa hilo na wakamtania kwa hilohilo. "Fundi akija kwako bila kamera," walisema, "jihesabu mfiwa."

Mtu wa namna hiyo huishi kwa kitu kimoja ambacho wengine hatukioni. Kwake kilikuwa unga mweupe wa kuyeyusha majini, dawa ya kusafishia mikanda ya picha nyeusi na nyeupe. Bila dawa ile, mkanda uliopigwa ni plastiki tu. Picha imo, ila haitoki. Alitumia aina moja ya unga tangu alipojifunza kazi, aliujua kwa harufu na kwa jinsi unavyokwaruza kati ya vidole. Ulitoka Mwanza kwa basi. Halafu siku moja dereva akarudi na kikaratasi badala ya kopo. Muuzaji wa Mwanza aliandika kwamba kiwanda huko ng'ambo kimeacha kuutengeneza, na kwamba hata Nairobi hakuna.

Fundi hakupiga kelele. Alipata dawa ya hospitali, ile ya kusafishia picha za mifupa, kwa kuzoeana na mtu wa eksirei. Ilikuwa kali, watu walitoka weusi tii na weupe pe, kama wamechongwa. Akazoea. Kisha eksirei nazo zikaingia kwenye kompyuta, na dawa hiyo nayo ikaisha. Alibaki na pakiti moja ya unga wake wa zamani, aliyoihifadhi kwenye kabati kwa ajili ya kazi ambayo hangeweza kuikataa.

Kazi hiyo nilimletea mimi.

Mama yangu aliishi kijijini Izigo, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, na sebuleni kwake palitundikwa picha ya baba. Fundi ndiye aliyeipiga, miaka mingi kabla sijamfahamu: baba amekaa, koti limefungwa vifungo vyote, nyeusi na nyeupe. Baba alipokufa picha ile ikawa ndiyo yeye. Mama aliiaga akienda shambani. Mwaka alioanza kuchoka, alipigilia msumari pembeni mwa fremu ile, kwa nyundo, mwenyewe, na nilipokwenda kumtembelea akanionyesha.

"Huu ni wangu."

Nikatoa simu nimpige palepale. Akaifunika kwa kiganja.

"Bojo mwanangu, hiyo ina rangi. Nitakaaje na rangi pembeni mwa mtu asiye na rangi? Watu watadhani nimeolewa na babu yangu. Mlete yule aliyempiga baba yako."

Mama hakupenda kupigwa picha. Tuliyokuwa nayo ni moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, ambamo anaonekana kama mtu anayesubiri kusomewa mashtaka. Kwa hiyo niliposikia anaomba picha, sikubishana. Nilimchukua Fundi kwa pikipiki asubuhi ya Jumamosi.

Alimwamkia mama kwa Kihaya chake cha mjini, mama akamcheka matamshi, kisha akaleta kahawa, ya miti yake mwenyewe, ndani ya kikombe cheupe cha bati. Fundi akaweka kiganja kifuani. Tumbo, mama. Samahani sana.

"Unakuja kwangu na unaikataa kahawa yangu?"

"Si yako. Ni yote."

"Haya," mama akasema, akakaa kwenye kiti alichowekewa mbele ya mlango, kilemba cheupe kichwani. "Basi nitaishika mwenyewe, ionekane kwenye picha kwamba ulikaribishwa."

Fundi akainamia kioo chake. Wakati huohuo simu yangu ikaita. Mhariri, kuhusu habari ya watu waliopatwa na nini sijui, hata sikumbuki. Niligeuka, nikatembea mpaka kwenye mikeka ya kahawa iliyoanikwa, nikaweka kidole sikioni ili nisikie vizuri. Nilisikia nyuma yangu Fundi akisema, "Tayari, mama." Nilipogeuka alikuwa anafunga kifuniko cha kamera. Pigo moja.

Mimi ambaye kazi yangu ni kutazama, sikutazama.

Tuliporudi Bilele alifungua ile pakiti ya mwisho. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeingia. Unga haukuwa mweupe tena, ulikuwa wa rangi ya ugoro. Akajaribu kwa kipande cha mkanda alichokimulika kwa mwanga ili kitoke cheusi. Kipande kikatoka kama kilivyoingia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mara ya kwanza kumwona amekikalia, akasema, "Mwambie mama asubiri kidogo."

Mama alisubiri wiki tano. Kichomi kilimchukua siku tatu. Tangazo lake lilisomwa redioni mchana, na mimi ndiye niliyeliandika.

Fundi alikuja msibani. Watu wa Izigo walimwona akishuka kwenye gari na wakatazama mfuko wa koti lake, maana walijua desturi yake. Hakukuwa na bahasha. Tulimzika mama kwenye kibanja, hatua chache kutoka kwa baba, na Fundi alisimama pembeni ya migomba mikono ikiwa nyuma kama mtu aliyefungwa. Aliponifikia aliniambia maneno manne tu.

"Nimekuja mikono mitupu, Mwandishi."

Sebuleni dada yangu alikuwa ameufunika ule msumari kwa ua la karatasi, ili wageni wasiulize.

Ndivyo ulivyoanza utafutaji, na uliendelea karibu miaka mitatu. Mkanda aliuzungushia karatasi nyeusi, akautia kwenye kopo la biskuti, akaliweka ndani ya mtungi kwenye ile nusu ya giza, mahali penye baridi kuliko pote. Juu ya kopo aliandika kwa penseli: Izigo. Mama wa Mwandishi. Bado. Nilimwomba tuutume Dar es Salaam, au nje kabisa. Alikataa. Alisema amewahi kutuma mkanda wa harusi, ukarudi umeshafunguliwa na mtu aliyetaka kuona kuna nini ndani. "Picha ya mtu haisafiri peke yake," alisema. Sikumlazimisha. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba kusubiri nako kuna hatari, kwamba picha isiyosafishwa inafifia polepole. "Inazeeka humo ndani," alisema. "Na uzee wa humo hauna mvi za kukuonya."

Alijaribu alichokipata. Alijaribu dawa ya nywele, kwa sababu fundi wa kunyoa alimwambia ina kitu cha kuleta weusi. Mkanda ukatoka na madoa kama ngozi ya chui. Alijaribu majani ya chai. Aliandikia watu. Hatimaye, kwenye kundi moja la wapiga picha kwenye simu, hiyohiyo simu ya umbea, mtu wa Nairobi alimjibu kwamba wapo wanaosafisha kwa kahawa ya unga, soda ya kufulia na vidonge vya vitamini C. Alinionyesha ujumbe huo akiwa amekasirika.

"Wananitania. Wamesikia natoka Bukoba."

Lakini usiku haukupita kabla hajanunua pakiti ya kahawa. Huyu ndiye mtu aliyekaa mji wa kahawa maisha yake yote bila kuionja. Sasa alianza kunuka kahawa, kwenye kofia, kwenye kanzu ya Ijumaa, na wenzake msikitini wakamuuliza kama ameajiriwa kiwandani.

Soda ya kufulia haikupatikana, kwa hiyo alichukua magadi ya mkewe, yale ya kulainishia maharage. Mkanda ukatoka na ukungu mtupu. Akafikiri siku mbili, akaamua kwamba magadi ni mavivu na yanahitaji kuchomwa. Akayakaanga kwenye kikaango mpaka yakawa unga mkavu unaouma ulimi. Mkewe, mama mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika kwa jambo lolote, siku hiyo alitoka nje na kikaango mkononi.

"Mwandishi, niandikie kwenye gazeti lako. Maharage yangu ni mawe, na mume wangu anakaanga chumvi."

Vidonge vya vitamini vilimletea taabu nyingine. Vile vya watoto vyenye rangi ya chungwa vilipaka mkanda manjano, ikabidi atafute vyeupe. Mwenye duka la dawa alimuuliza mafua yake yatapona lini. Na kahawa nayo ilimfundisha. Alianza kwa kopo zuri la kukaribishia wageni, matokeo hafifu. Akashuka, akashuka tena, mpaka akafika kwenye kale ka pakiti kadogo ka bei ya chini kuliko zote, ka unga wa kiwandani unaoyeyuka hata kwenye maji ya baridi, kahawa ambayo hakuna Mhaya angemkaribishia mgeni. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Harufu ya mchanganyiko ilikuwa ya mbwa aliyenyeshewa.

Asubuhi moja alinipigia simu. Hakusalimia.

"Njoo. Ukuta umetoka."

Nilikimbia. Alikuwa amepiga ukuta wa msikiti na baiskeli iliyoegemezwa, na sasa kwenye kipande cha mkanda, kikiwa bado kinadondosha maji, niliona tofali na tofali, na spoki za baiskeli ningeweza kuzihesabu. Fundi alikuwa ananitazama mimi, siyo mkanda. Vipimo vyote alikuwa ameviandika kwa penseli nyuma ya mlango wa giza: vijiko vya kahawa, vya magadi, vidonge vingapi, dakika ngapi. Chini yake alipiga mstari mara mbili. Tukakubaliana mkanda wa Izigo tuusafishe Jumamosi.

Sasa nifike kwenye kosa, na niliseme kama lilivyokuwa.

Ijumaa nilikwenda Izigo kumwambia dada yangu. Alifurahi, akaondoa lile ua la karatasi kwenye msumari, kisha akaingia chumbani na kurudi na kopo. Ilikuwa kahawa ya mwisho ya mama, aliyoichuma kwa mikono yake msimu ule wa kufa, tuliyokuwa hatujaweza kuinywa. Tuliikaanga jioni hiyo, dada akaitwanga kwenye kinu. Hakuna kati yetu aliyesema kwa nini. Kwetu lilikuwa jambo la wazi: kama ni kahawa itakayomtoa mama, basi iwe yake.

Saa nne asubuhi niliiweka mezani kwa Fundi. Akafungua kopo, akanusa, akafunga.

"Hii sijaijaribu."

"Aliichuma mwenyewe, Fundi."

"Nimeelewa. Ila nyuma ya mlango kuna kipimo, na kipimo si cha kahawa hii."

"Ulimkatalia kahawa yake alipokuwa hai."

Nilisema hivyo. Nililisema taratibu, wala si kwa hasira, ndiyo maana lilimwingia. Akaweka kiganja pale chini ya moyo.

"Tuchanganye, basi. Nusu ya kwake, nusu ya kiwandani."

"Yote ya kwake," nikasema.

Mtu ambaye hakuwahi kurudia pigo kwa ajili ya mkuu wa wilaya, aliyemfukuza bwana harusi kwa kuchelewa, alikubali kwa ajili yangu. Akachemsha, akachuja kwa kitambaa mara tatu, akapima, akatundika kadi ya giza mlangoni. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilimsikia akitikisa tangi lake, akihesabu kwa sauti ndogo. Aliongeza dakika, nilijua kwa sababu nilikuwa nazihesabu pia. Kisha maji, kisha dawa ya pili, kisha maji tena.

Alitoka ameushika mkanda kwa ncha mbili na kuuinua dirishani. Ulikuwa karibu mweupe, kama maji yenye moshi kidogo. Akarudi ndani kuchapa picha, kwenye karatasi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, na alikaa huko mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha, naye hakwenda.

Picha ninayo. Vitu vyeupe huacha alama kwenye mkanda hata dawa ikiwa dhaifu. Vyeusi huhitaji nguvu. Kilemba cha mama kimetoka, na mikunjo yake. Kikombe kimetoka. Umetoka na upindo wa kanga. Kati ya kilemba na kanga, mahali pa uso, kuna giza lililolala sawasawa, kama mlango wa nyumba uliofunguliwa mchana.

Nilisubiri anigombeze. Alikuwa na haki, na kugombeza alikujua. Alichukua kopo la biskuti, akafuta neno Bado kwa kidole kilicholowa, akaniuliza kama nina mwavuli maana mvua inakuja.

Sikwenda tena Bilele kwa muda mrefu. Nilipita barabara ya pili. Maua yake ya alfajiri yaliendelea kuja kwenye simu, mekundu, yanayometameta, nami sikuyajibu. Kisha yakaacha kuja. Nikasikia studio imefungwa, mkewe amefariki, na yeye mwenyewe amechukuliwa na binti yake kule Kagondo.

Mwaka huu, mvua za masika zikielekea kwisha, nilikwenda. Alikuwa amekaa barazani, amekonda, blanketi magotini. Kamera ilikuwa juu ya stuli kando yake, imefunikwa kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuomba radhi, na nikaanza. Akanikatiza.

"Haikuwa kahawa. Nilichelewa mimi. Miaka mitatu, Mwandishi, picha gani inangoja miaka mitatu?"

"Ukuta wako ulitoka, Fundi."

"Ukuta haukungoja."

Binti yake alikuwa akimenya ebitoke, ndizi za kupika, upande wa pili wa ua, na alijitahidi asisikilize. Kisha Fundi akainua kidole kuonyesha ndani ya nyumba, na binti, bila kuambiwa zaidi, akaleta kopo. Nililitambua. Lilikuwa lile la dada yangu. Nililiacha mezani kwake siku ile.

"Iliyobaki niliijaribu baadaye," akasema. "Mara mbili, kwa mkanda mpya." Alilizungusha kopo magotini pake. Nikasubiri aseme ilitoka nini. "Kahawa ya mama yako," akasema, "ni ya kunywa."

Akampa binti yake kopo. "Ipike yote."

"Baba, tumbo..."

"Ipike."

Ililetwa kwenye vikombe viwili. Sikuwahi kumwona akinywa kahawa, na hakujua namna. Alimeza kama mtu anayemeza dawa, akafumba macho, akangoja, akameza tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Nikamwambia aache. Akatikisa kichwa.

"Ulikuwa na simu siku ile," akasema. "Hukumwona."

"Sikumwona."

"Mimi nilimwona. Alikaa vizuri, hakujikaza. Nilitaka kubonyeza mapema, halafu nikasubiri, kwa sababu aliacha kunitazama mimi. Alikuwa anakutazama wewe, kule kwenye mikeka, umeziba sikio moja kwa kidole na simu kwenye jingine. Akataka kucheka, akaona atamwaga kahawa. Midomo ikabaki hivi." Akajaribu kuifanya kwa midomo yake mikavu, na kwa nukta moja nikaiona, ile namna ya mama ya kuzuia kicheko kwa upande mmoja. "Macho yalikuwa yamejaa mwanga. Kikombe alikishika hapa, usawa wa kifua. Mkono wa kushoto."

Mama hakuwahi kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Sisi watoto tulipigwa vidole kwa kosa hilo. Nilifungua mdomo kumsahihisha, kwa mazoea ya kazi, ndipo nikaitazama ile kamera kwenye stuli, na nikakumbuka kioo chake.

"Wa kushoto," nikasema.

"Nilimwona," akasema Fundi. Akanywa lililobaki, akakiinamisha kikombe upande wangu nione kwamba kimekwisha.